Ubuntu 24.04: kama kazi yako ni seva na wavuti, weka hii

Jamani kama unaandika programu za seva acha kuhangaika, weka Ubuntu 24.04 tu, ni mfumo endeshi wa familia ya Linux. Programu yako ikikamilika mara nyingi inaenda kukaa kwenye seva ya Linux, sasa kwa nini uiandikie kwenye mazingira tofauti halafu uanze kujiuliza mbona huku inakubali kule inagoma? Ninachokipenda zaidi ni Docker, ile zana ya kuendesha programu ndani ya makontena yaliyotengwa, hapa inatumia kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine yenyewe moja kwa moja, wakati kwenye Windows na Mac lazima kuwe na kompyuta pepe ya Linux inaendeshwa kwa ndani, na hiyo inakula RAM, yani ukiwa na GB 8 lazima uhisi.

Toleo hili lilitoka Aprili 2024 na apdeti za usalama ni miaka 5 bure. Fedora, Linux nyingine, nayo nzuri, vifurushi vyake vipya zaidi, ila toleo jipya kila miezi 6 hivi kwa mtu mwenye kazi za wateja mi naona usumbufu.

Waifai na kadi ya michoro ndo pa kuangalia, zinaweza kugoma, ijaribu Ubuntu kwanza kwa flashi kabla hujafuta kitu.

Kama kazini wamekulazimisha Windows, WSL 2, yani Linux inayokaa ndani ya Windows, inatosha kabisa, ila mafaili ya mradi yaweke upande wa Linux, sio kwenye /mnt/c (diski C ya Windows), kule git (ya kutunza matoleo ya kodi) na npm (ya kupakua vifurushi vya JavaScript) zinakuwa nzito mno. App za iPhone? Hapo ni Mac tu, Xcode, programu ya Apple ya kuzitengenezea, haikai kwingine.