Nimetajiwa muuaji hata daladala haijafika

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya Agatha Christie, muuzaji hapati kitu.

Nilikinunua mjini kwa mmoja wa wale wanaopanga vitabu vya mitumba chini, kando ya barabara. The Murder of Roger Ackroyd, cha 1926, nimekisaka miaka. Hadithi za upelelezi ni maradhi yangu tangu shuleni, nilipokuwa nafuata moshi wa kiko cha Bwana Msa. Kataja elfu tano, nikashusha hadi nne, nikaondoka najiona mjanja.

Mwanzo ulinikamata. Poirot, mpelelezi wa Christie, kastaafu, yuko kijijini analima mamumunye, yamemchosha mpaka anavurumisha moja juu ya ukuta, linampita jirani yake daktari sikioni. Nikacheka peke yangu kwenye daladala. Kufunua ukurasa, pembeni, kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: jina, mshale, NDIYE ALIYEUA. Kapigia mistari miwili, kakandamiza mpaka alama imetokea nyuma ya karatasi.

Jamani! Doa la mchuzi ningesamehe. Jalada kuchanika ningesamehe. Lakini hiki? Waliokisoma wanajua kwa nini hiki hasa hakitajwi. (Na mimi silitaji hapa, nina adabu zangu.)

Nikarudi kesho yake au keshokutwa, nafuka moshi. Muuzaji akazipitia kurasa kwa kidole kilicholowa mate.

“Karatasi zote zipo, kaka.”

Nikamwonyesha maandishi. Akayasoma taratibu, akanirudishia. “Sasa mbona hajakosea? Ndiye huyo huyo.”

Kumbe kakisoma! Kaniuzia huku anajua! Na mitumba, akaniambia, hairudishwi.

Nikaapa sikigusi tena. Nikamrudia Dostoevsky niliyemwacha njiani, Crime and Punishment, cha 1866. Mle kijana anamuua kwa shoka bikizee anayekopesha kwa rehani, tena mapema kabisa, sisi tunashuhudia. Hakuna cha kutafuta muuaji. Na bado nilikesha, jasho linanitoka kana kwamba shoka limening'inia ndani ya koti langu mimi. Hapo hasira ikaanza kulegea bila idhini yangu.

Nikakifungua tena cha Christie, kwa kinyongo. Mtu wangu namjua, basi kazi yangu ikawa kumvizia tu. Anavyopima maneno! Mama yule hakutudanganya hata mahali pamoja. Sentensi imekaa peupe, jicho linapita juu yake kama limepakwa mafuta. Ningekuwa sijui, ningeziruka zote.

Haya, nyota nne. Tatu na nusu, maana ile raha ya kushtuka mwishoni nimeibiwa na hairudi, na mwenye kalamu yake ya bluu namwombea apoteze funguo leo usiku.

Jana nimepita pale pale. Kanitolea kingine cha Christie. Nikakipekua karatasi kwa karatasi, natafuta wino.

“Hicho hakijaandikwa,” akasema. “Ila ukitaka nakutajia.”