Kampuni ya kukata mioyo ya panya: aota safi, moyo wameniharibia

Jamani mnaosoma PhD za mishipa na moyo huko Ulaya, hasa mnaotumia panya wa ApoE (wale walioondolewa jeni ya ApoE, mafuta yanawajaa kwenye mishipa), someni hii kabla hamjatuma sampuli kwa watu. Mimi niko Ujerumani, maabara yetu haina kriostati, ile mashine ya kukata sampuli zilizogandishwa, kwa hiyo mwaka jana kipindi cha baridi tukapeleka mioyo na aota, yaani mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kwa kampuni moja, wao wakate na wapake Oil Red O, rangi nyekundu inayoshika mafuta, na plaki, yaani mafuta yaliyojikusanya kwenye ukuta wa mshipa, tupime wenyewe. Panya walikula chakula cha mafuta wiki 12. Mimi ndo nilikuwa nawalisha na kuwapima uzito, wikiendi, sikukuu, mpaka siku ya kuwaua.

Slaidi zikaja. Naweka ya kwanza kwenye hadubini, naona vipande viwili vya vali (kimlango cha damu pale aota inapoanzia) vimejaa wekundu, cha tatu hakipo. Nyingine hivyohivyo. Nyingine hicho cha tatu ni kauzi tu kametokeza pembeni.

Sasa vali ya aota ina vipande vitatu, na ukiviona vyote vitatu vimekaa sawasawa ndo unajua umekata wima na ndo pa kuanzia kuhesabu, unapanda mkato kwa mkato, mikroni 10 hivi kila mmoja (mikroni elfu moja ndo milimita). Siyo siri hii, watafiti kina Beverly Paigen walishaielezea njia yenyewe 1987, hawa panya wa ApoE wenyewe wapo tangu 1992, na 2017 American Heart Association wakatoa mwongozo mzima wa kufanya tafiti za plaki kwa wanyama. Ukikata mshazari, plaki inatoka kubwa kuliko ilivyo, ni kama ndizi ukiikata upande, kipande kinarefuka lakini ndizi haijaongezeka. Halafu mimi nalinganisha waliopewa dawa na wasiopewa! Tofauti nikiiona nitasema ni dawa au ni kisu?

Nikaenda mwenyewe ofisini kwao na picha nimeziprinti. Bosi wa kitengo hakuniangalia hata usoni, macho kwenye kompyuta, ananiambia "wekundu si upo? Pima." Nikamweleza habari ya vali, akasema wanafunzi wa kutoka kwetu tunapenda kulalamika. Wa kutoka kwetu! Hapo nilitetemeka, nikachukua picha zangu nikaondoka, maana ningebaki ningesema maneno mengine.

Lakini nisiwe mwongo, upande wa aota ndefu wamefanya kazi nzuri sana. Ile ya kuipasua kwa urefu na kuilaza wazi ndo ngumu kwa wengi, maana mafuta ya nje ya mshipa usipoyasafisha nayo yanapokea rangi unapima uongo. Wao walisafisha mpaka mwisho, upinde wa aota unaona madoa mekundu yamekaa palepale inapochipuka mishipa ya kwenda kichwani, kwingine kweupe. Nilizipima zote kwa ImageJ, programu ya kupima picha, bila shida. Fundi aliyezifanya ni dada mmoja mpole, ndiye pia aliyenifungulia mlango siku ile, na huyo dada ningempa nyota tano. Kwa hiyo nilitaka kusema kwa aota nendeni tu, kwa moyo msiende.

Ila hapana. Kila nikikaa nakumbuka ile sehemu ya vali haifiki hata milimita moja, ukishaikata vibaya imeisha, hakuna kurudia, na panya yule hafufuki. Wale ni wanyama tuliowaombea kibali serikalini, tukaandika kwamba hatutaua bure. Mtu anayejibu "wekundu si upo" hapaswi kushika sampuli ya mtu yeyote, iwe moyo iwe aota. Nyota moja, na ni ya yule dada.

Na leo asubuhi wameniletea invoisi ya pili, eti ya "kukata upya", mioyo ileile ambayo sehemu ya vali walishaimaliza. Siilipi.