Karakana ya umeme wa mashua Muhumba, Bukavu: nyaya nitawakabidhi tena, mlingoti bado

Karakana ninayoitathmini hapa iko Bukavu, katika mtaa wa Muhumba, karibu kabisa na maji, na mlangoni haina kibao. Wenye maboti ya abiria na mitumbwi ya injini inayokwenda kisiwa cha Idjwi wanaifahamu kwa ajili ya alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, na stata, ile inayoiwasha injini. Sisi wachache tulio na mashua za matanga tunaifahamu kwa sababu fundi wake mkuu hupima umeme kabla ya kukata waya wowote, na upande huu wa Ziwa Kivu sijakutana na mwingine afanyaye hivyo. Kiangazi kilichopita nilimkabidhi mashua yangu ili aondoe mfumo wote wa zamani wa umeme na kuweka mwingine. Ninayoyaandika yanatokana na kazi hiyo, nikiwa nimeshaitumia mashua usiku na mchana katika msimu wa mvua uliofuata.

Mashua yenyewe ni ya faibagilasi, ina urefu wa mita 8 hivi, iliundwa Ufaransa katika miaka ya 1970, na injini yake ya dizeli ina silinda moja. Mwili wa faibagilasi wa umri huo unaweza kuwa mzima kabisa huku umeme wake ukiwa umechoka, kwa kuwa kila aliyeimiliki aliongeza chake: huyu taa, yule redio, mwingine paneli ya sola, na kila mmoja akachukua umeme mahali palipokuwa karibu na mkono wake. Matokeo yake ni kwamba nyuma ya ubao wa swichi kulikuwa na fungu la nyaya ambazo hakuna aliyejua zinatoka wapi wala zinaishia wapi, nyingine zikiwa za nyumbani, zile ngumu zenye uzi mmoja wa shaba, ambazo katika chombo kinachotikisika saa zote hukatika ndani ya ganda bila kuonekana.

Nilikwenda nikiwa na nia ya kununua betri mpya, kwa kuwa zilizokuwepo hazikumaliza usiku mmoja. Fundi alinijibu kwa upole: «Papa, betri tusizilaumu kwanza. Tuzipime.» Akaziacha zipumzike usiku kucha bila mzigo, yaani bila kifaa chochote kinachovuta umeme, wala chaji, na asubuhi akasoma volti 12.3. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa husoma 12.7 hivi ikiwa imepumzika, 12.2 maana yake ni nusu, na karibu na 11.9 imekwisha. Kisha akawasha injini, akapima kwenye alteneta na kukuta 14.2, akapima kwenye ncha za betri na kukuta 13.5. Sehemu saba za kumi za volti zilikuwa zimepotelea njiani, na aliyezila akajulikana: kifaa cha diodi, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kilichowekwa zamani ili kugawa chaji kati ya betri ya kuwashia injini na betri ya taa. Diodi za namna hiyo hula kati ya sehemu sita na saba za kumi za volti kila umeme unapopita, na betri isiyofikishiwa takribani volti 14.4 haijai kamwe. Salfeti inaganda juu ya bamba za risasi, na mwaka baada ya mwaka betri inapungua uwezo wake. Kama ningenunua betri mpya na kuacha kifaa kile, ningekuwa nimelipia mamia ya dola ili kuziua taratibu. Mahali pake aliweka rilei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, inayounganisha betri mbili pale tu volti za chaji zinapopanda, nayo haipotezi karibu chochote. Betri ya injini ilibakia. Ya taa, ambayo ilikuwa imeshaharibika kweli, ilibadilishwa.

Kazi iliyonipendeza zaidi ni ile ya taa ya kileleni. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini, ambazo nasi wa ziwani tunafaidika kwa kuzifuata, zinairuhusu mashua ya matanga yenye urefu chini ya mita 20 kuunganisha taa zake katika taa moja juu ya mlingoti: nyekundu kushoto, kijani kulia, kila moja ikimulika pembe ya nyuzi 112.5, na nyeupe upande wa nyuma ikijaza nyuzi 135 zilizobaki. Taa yangu ilikuwa ikiwaka, lakini kwa rangi ya kahawia iliyofifia, na mafundi wengine waliokwisha kuitazama walikuwa wakibadilisha balbu tu. Ukiitoa balbu na kupima kwenye kishikio chake, mita ilionyesha volti 12 na zaidi, kwa hiyo kila mtu alisema waya ni mzima. Fundi huyu alieleza, na vijana wake wakisikiliza, kwamba waya uliobakiza uzi mmoja wa shaba usiokatika utaonyesha volti kamili maadamu hakuna mzigo, na kwamba kipimo cha kweli ni kile kinachochukuliwa taa ikiwa imewaka. Alipopima hivyo alikuta volti 9.8 juu, wakati betri ilikuwa na 12.6.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa na maana. Balbu ya wati 25 huvuta zaidi kidogo ya ampea 2. Kutoka ubao wa swichi hadi kileleni ni mita 14, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, zihesabu kuwa 28. Waya mzima wa shaba wa milimita mraba 1.5 ungepoteza karibu sehemu saba za kumi za volti katika safari hiyo, yaani asilimia 5 hadi 6, na tayari hiyo ni zaidi ya asilimia 3 inayokubalika kwa taa za usalama. Kwa vitu kama taa za ndani, asilimia 10 huvumilika. Volti karibu 3 zilizopotea kwangu hazikuweza kusababishwa na urefu wa waya peke yake. Chanzo kilikuwa kiungio kilichopo chini ya mlingoti, juu ya sitaha, ambacho kilikuwa kimejaa kutu ya kijani. Balbu ya kawaida ikipunguziwa volti kwa asilimia 10 hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Yangu ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu. Abiria wa boti linalotoka Idjwi saa mbili usiku hawawezi kulindwa na taa ya namna hiyo, wala mimi.

Aliondoa kiungio, akapitisha waya mpya wa milimita mraba 2.5 wenye shaba iliyopakwa bati, na kuweka taa kamili ya LED isiyofika wati 3. Nasisitiza kwamba ni taa kamili, kwa kuwa wengi huchomeka balbu nyeupe ya LED katika taa ya zamani, na mwanga wa balbu hiyo ukipita katika kioo chekundu au cha kijani unaweza kutoa rangi isiyokuwa ile inayotakiwa. Sasa upotevu wa njiani hauzidi sehemu moja ya ishirini ya volti.

Waya uliopakwa bati sikuupata Kadutu wala Nyawera, ambako maduka ya vifaa vya sola ni mengi na shaba inayouzwa ni tupu. Karakana iliuagiza kupitia Kamembe, na kuungojea kulichelewesha kazi kuliko jambo jingine lolote. Naona ulistahili kungojewa. Mashuani unyevu wa ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, hupanda ndani ya ganda la waya kama mafuta yanavyopanda katika utambi, na shaba tupu huwa nyeusi mbali sana na mahali ilipokatwa, kiasi kwamba hata ukiikata na kuanza upya hupati tena shaba safi. Miunganisho yote ilibanwa kwa koleo maalumu, ikafunikwa kwa ganda linalosinyaa kwa joto lenye gundi ndani. Lehemu hawakuitumia, nami nakubaliana nao: lehemu huufanya waya uwe mgumu pale inapoishia, na hapo ndipo mtikisiko utakapoukata.

Kila waya ulipewa namba, na mchoro wa mfumo wote ukachorwa kwenye karatasi kubwa ambayo nimeiweka ndani ya plastiki karibu na ubao. Mali bila daftari huisha bila habari, na umeme wa mashua vivyo hivyo. Kila waya unaotoka betri una fyuzi yake, nayo imewekwa sentimita chache tu kutoka kwenye ncha ya betri. Wengi huiweka mbali, kwenye ubao, wakisahau kwamba fyuzi haiulindi waya ulioko kati yake na betri, na ni huko ambako moto huanza. Vijana pia walibandika onyo kwenye swichi kuu, kwamba isizimwe injini ikiwa inazunguka, kwa kuwa alteneta ikinyang'anywa betri ghafla diodi zake huungua.

Mapungufu yapo, na mengine si madogo. Pampu ya ngama ilikuwa imeunganishwa baada ya swichi kuu, maana yake ni kwamba mwenye mashua akizima kila kitu na kwenda zake nyumbani, pampu nayo imezimwa, na mvua za Novemba zitamjazia chombo. Pampu yenye swichi ya kuelea, inayojiwasha maji yakipanda, inapaswa kwenda moja kwa moja kwenye betri kwa fyuzi yake yenyewe. Niliwaomba wabadilishe, wakabadilisha bila ubishi wala malipo ya ziada.

Chini ya maji walinifungia zinki ya kulinda shafti na rafadha, yaani kipande kinacholiwa na kutu badala yake, kwa sababu ndiyo inayofika kutoka pwani. Zinki ni ya maji ya chumvi. Katika maji matamu hujifunika utando na kuacha kufanya kazi, huku ikionekana nzima, na mwenye mashua akifurahi kwamba hailiki. Kwa kawaida maji matamu hudai magnesi, lakini Kivu ina madini mengi kuliko maziwa mengi ya maji matamu, kwa ajili ya chemchemi za kivolkano zinazoingia chini yake, kwa hiyo kwa maoni yangu alumini ndiyo inayofaa zaidi. Niliileta mwenyewe, wakaifunga.

Jambo la radi linanisumbua zaidi. Utafiti uliofanywa kwa vipimo vya satelaiti na kuchapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, jirani yetu kabisa hapa Bukavu, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kwa kilomita mraba moja kwa mwaka. Mlingoti wa alumini katikati ya ghuba, mahali kama hapa, si jambo la kuchezea. Karakana iliunganisha mguu wa mlingoti na maji kwa waya wa milimita mraba 6, ukiwa umepindwa kona kali nyuma ya kabati. Waya huo ni mwembamba mno. Inatakiwa shaba isiyopungua milimita mraba 20 hivi, inayoshuka kwa mstari ulionyooka kadiri iwezekanavyo hadi kwenye bamba la chuma lililo chini ya maji, lenye eneo la karibu sehemu moja ya kumi ya mita mraba. Na kwa kuwa maji matamu hupitisha umeme vibaya kuliko ya bahari, bamba kubwa zaidi ni bora. Hata hivyo ulinzi huo hauzuii radi, unaipa njia tu. Nilipolieleza hili, fundi mkuu alisikiliza, akaandika vipimo, na sehemu hiyo itafanywa upya mashua itakapotolewa majini tena.

Kuhusu nyaya za kushikilia mlingoti, ushauri wangu ni kuwazuia wasiziguse. Walipendekeza kubadilisha moja iliyokuwa na nyuzi zilizokatika kwa kebo ya chuma cha mabati, ifungwe kwa vibano vya skrubu kama vinavyotumika kwenye minara ya antena. Mnara hausogei, mlingoti hupokea mzigo unaobadilika kila wimbi na kila upepo, na kibano cha aina hiyo huteleza au huila kebo. Inahitajika kebo ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, yenye nyuzi 19, pamoja na vichwa vyake vya kufungia, na kwa sasa vitu hivyo huagizwa kutoka Ulaya. Ila ukaguzi unaweza kuufanya mwenyewe: pitisha kitambaa cha pamba kutoka chini hadi juu, na uzi wowote uliokatika utakishika, halafu tazama kwa kioo cha kukuza pale kebo inapoingia katika kichwa chake, kwa kuwa nyufa huanzia hapo.

Kwa malipo, gharama ya mikono ilikuwa karibu dola 250, na vifaa vilizidi kiasi hicho. Hupokea dola au faranga, nusu mwanzoni na nusu baada ya majaribio. Risiti ya vifaa hawaitoi mpaka uiombe, kwa hiyo iombe. Nawasihi watakaokwenda wapange kazi kati ya Juni na Agosti, waagize waya uliopakwa bati mapema kabla ya mashua kuvutwa ufukweni, na wakae pale fundi anapopima, kwa kuwa hueleza kila kipimo kwa yeyote aliye karibu na haoni uzito kurudia.