Bodi ya Kwanza ya Kujifunzia I2C, SPI na CAN: Ipi Inunuliwe?

Anayetafuta bodi yake ya kwanza ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, kwa kawaida huanza kwa kulinganisha kasi ya chipu na ukubwa wa kumbukumbu, na hapo ndipo anapopotea, kwa kuwa mawasiliano ya mfululizo, ambamo biti hupita moja moja kwa foleni (I2C, SPI, UART na CAN ni kanuni mbalimbali za mawasiliano hayo), hayadai nguvu nyingi. I2C ya kawaida hupitisha kilobiti 100 kwa sekunde, kasi ambayo hata chipu ya zamani huimudu bila taabu. Kinachomkwamisha mwanafunzi ni kutoona: programu inadai kwamba kihisi hakijibu, naye hana namna ya kujua kama kosa limo katika msimbo, katika waya au katika anwani, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye njia ya I2C. Kwa sababu hiyo nimezipanga bodi zifuatazo kwa kigezo kimoja tu, nacho ni jinsi kila moja inavyomsaidia mnunuzi kuona kinachopita kwenye nyaya na kurekebisha kosa kabla hajaunguza kitu.

Nafasi ya kwanza naipa Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na chipu ya RP2040. Bodi hii ina UART mbili, I2C mbili na SPI mbili, na thamani ya jozi hizo huonekana pale unapounganisha I2C ya kwanza na ya pili kwenye bodi hiyohiyo, moja ikiongoza na nyingine ikijibu, ukazisoma pande zote mbili za mazungumzo bila kununua kihisi hata kimoja. Ukitumia MicroPython, lugha ya Python iliyotengenezwa kwa ajili ya maikrokontrola, amri ya i2c.scan() hukurudishia orodha ya anwani zilizoitika. Ni vyema kujua mapema kwamba orodha hiyo hutolewa kwa namba za kawaida, ilhali karatasi za vifaa huandika kwa mfumo wa heksadesimali, unaohesabu kwa kumi na sita na ambao namba zake hutanguliwa na 0x. Mimi nilipoteza alasiri nzima kwa kioo kidogo cha OLED ambacho nyuma yake palichapwa 0x78, wakati bodi iliniambia 60. Kioo hakikuwa kibovu: 60 ni 0x3C, na 0x78 ni anwani hiyohiyo ikiwa imesogezwa biti moja ili kuacha nafasi ya biti ya kusoma au kuandika.

Upungufu wa Pico ni kwamba pini zake ni za volti 3.3 na hazistahimili volti 5, tena haina kidhibiti cha CAN. Ukiichagua, chukua toleo la Pico H, ambalo pini zake zimekwisha kuchomelewa, isipokuwa kama una mkono mzuri wa solda.

Nucleo za familia ya STM32 zinafuata, na kwa anayejiandaa kufanya kazi hii kama taaluma ningezitanguliza. Kila Nucleo ina ST-LINK ndani yake, yaani kifaa kinachokuwezesha kuisimamisha programu katikati ya ujumbe na kusoma rejista, yaani visanduku vidogo vya kumbukumbu ndani ya chipu, kimoja baada ya kingine, huku kebo ileile ya USB ikikupa pia mlango wa seriali. Nucleo-F446RE ina vidhibiti viwili vya CAN, mfumo uliobuniwa na Bosch kwa ajili ya magari. Hata hivyo usidhani kwamba utaunganisha waya moja kwa moja: kidhibiti huhitaji chipu ya transiva, inayogeuza ishara zake ziwe za nyaya za CAN, ambayo haimo kwenye bodi, na njia yenyewe hufungwa kwa rizista ya omu 120 katika kila mwisho. Ugumu wa Nucleo uko mwanzoni, kwa kuwa kabla ya kutuma baiti ya kwanza utalazimika kupanga saa ya chipu na kazi ya kila pini, na wengi huchoka hapo.

ESP32 nimeiweka ya tatu, ingawa ingekuwa ya kwanza kama lengo lingekuwa kurusha vipimo kwa Wi-Fi. Ina UART tatu, I2C mbili na kidhibiti cha CAN ambacho watengenezaji wamekiita TWAI, na kazi nyingi zinaweza kuhamishiwa pini unayoitaka. Uhuru huo una mitego. Pini ya GPIO12 ikivutwa juu, yaani ikipewa volti ya juu, wakati bodi inawaka, chipu huchagua volti isiyofaa kwa kumbukumbu yake na bodi nyingi hushindwa kuanza, nazo pini 34 hadi 39 hupokea tu, haziwezi kutuma. Mgeni atailaumu programu yake kwa kosa ambalo halimo humo.

Arduino Uno R3 bado inapendwa, na kwa haki, kwa sababu hutumia volti 5 na huvumilia makosa mengi. Kwa somo hili, hata hivyo, ina UART moja tu, nayo inashirikiana na USB, kiasi kwamba kifaa ulichokiunganisha kwenye pini 0 na 1 kinaweza kuvuruga upakiaji wa programu. Anayeipenda familia hii achukue Uno R4 Minima ya mwaka 2023, yenye mlango wa seriali wa kujitegemea na kidhibiti cha CAN, nacho kikihitaji transiva.

Ya mwisho ni micro:bit ya toleo la pili. Kihisi chake cha mwendo kimo kwenye I2C ya ndani, kwa hiyo utasoma vipimo dakika ya kwanza, lakini nyaya zenyewe hazikufikii.

Bodi yoyote utakayoichukua, usiagize kihisi cha pili kabla ya kununua kichanganuzi cha mantiki, kifaa kinachorekodi na kuonyesha ishara zinazopita kwenye nyaya. Kile kidogo cha chaneli 8 na megahezi 24, kinachofanya kazi na programu huria ya PulseView, kinatosha kabisa. Humo utaona kwamba baada ya kila biti nane za I2C kuna pigo la tisa la saa: mstari wa SDA, unaobeba data, ukishuka hapo baada ya anwani, kuna aliyeitika, ukibaki juu, hakuna mwenye anwani hiyo. Ongeza rizista za kilo-omu 4.7 za kuivuta njia juu, kwa kuwa zile za ndani ya chipu ni dhaifu, lakini angalia kwanza kama moduli zako hazina za kwao. Moduli tano zenye rizista hizo zikiwekwa pamoja huacha takriban omu 940 tu, mzigo unaozidi kidogo miliampia 3 ambazo kifaa cha kawaida cha I2C hutarajiwa kuzishusha kwa volti 3.3. Angalia pia anwani kabla ya kulipa: saa ya DS3231 na kihisi cha mwendo cha MPU-6050 vyote huitika kwa 0x68, na dawa yake ni kuipandisha juu pini ya AD0 ya MPU-6050 ili ihamie 0x69. Mwisho, hakikisha kebo ya USB inapitisha data, kwani nyingine ni za kuchajia tu.