Filamu mbili za vita ya Bosnia: mtoto mmoja au mtuhumiwa mmoja?

Welcome to Sarajevo ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Michael Winterbottom, imejikita katika Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia uliokuwa umezingirwa, ambamo mwandishi wa habari Mwingereza anaamua kumwokoa msichana mmoja kutoka kituo cha yatima. The Hunting Party ya Richard Shepard, iliyotoka mwaka 2007, inaingia baada ya vita: waandishi wanamsaka mtuhumiwa wa uhalifu wa kivita, wanadhaniwa kuwa majasusi wa CIA, na ucheshi wake mchungu unatokana na aibu ya kweli, kwamba Radovan Karadžić, kiongozi wa Waserbia wa Bosnia wakati wa vita, aliyeshtakiwa mwaka 1995 na mahakama ya kimataifa ya The Hague, alikuwa bado hajakamatwa.

Naichagua hii ya pili, kwa sababu inathubutu kuuliza ni nani aliyeshindwa kumkamata mtu wa namna hiyo na kwa nini. Hata hivyo, mwisho wake, unaomwacha mtuhumiwa mikononi mwa watu aliowadhulumu, siukubali hata kidogo. Katika hali halisi, Karadžić alikamatwa Belgrade mwaka 2008, na mwaka 2019 majaji wa rufaa wakampa kifungo cha maisha. Ndugu wa waliouawa Srebrenica, mji wa Bosnia ambako maelfu ya Waislamu waliuawa mwaka 1995, walistahili ushahidi uliosikilizwa hadharani na kuhifadhiwa kwa maandishi, jambo ambalo umati wenye hasira usingeweza kuwapatia.