TAHADHARI: Beringi za mbele za Kombi, boksi jipya lakini mali iliyotumika

Wadau wenye Kombi za zamani za Volkswagen, hasa zile zilizogeuzwa nyumba za safari zenye kitanda, jiko na tangi la maji, tafadhali someni hili kabla ya kutuma hela kwa mtu anayeuza beringi za magurudumu ya mbele kwa simu.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya magari ya zamani. Anajitambulisha kuwa mtaalamu wa spea za Volkswagen na anasema yuko Kariakoo, upande wa Gerezani, ila ukitaka kufika dukani kwake kila siku ana udhuru. Anatuma picha safi za maboksi ya SKF na FAG, majina makubwa ya beringi, anadai ni mzigo wa mwisho kutoka Ujerumani, anataka hela yote mapema, kisha anakupakilia kwenye basi. Na mzigo unafika kweli. Hapo ndipo wengi wanapomwamini, maana tapeli tuliyemzoea ni yule anayekula hela na kuzima simu. Bei yake nayo haikushtui, iko karibu na ya maduka yanayoeleweka.

Mimi niliagiza seti nzima ya mbele: beringi za ndani na za nje kwa pande zote mbili, sili na nati. Maboksi yalikuwa mapya, yamenyooka. Nilipofungua la kwanza nikaona haiko sawa. Beringi mpya hutoka kiwandani imepakwa mafuta mepesi ya kuzuia kutu na kufungwa kwenye plastiki au karatasi yake. Hizi zilikuwa zimesheheni grisi nzito hadi roli, vile vyuma vinavyozunguka ndani, hazionekani. Anayeuza beringi mpya hana sababu ya kuijaza grisi, kwa sababu hiyo ni kazi ya fundi siku ya kufunga.

Nikazilowesha kwenye mafuta ya taa na kuzisugua kwa brashi. Vikombe viwili, yaani pete za nje za beringi, vilikuwa na alama za panchi (chuma cha kugongea) ukingoni. Alama hizo hupatikana kikombe kinapogongwa kutolewa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), yaani kilishakaa kwenye gari la mtu. Kikombe kingine, pale zinapopita roli, kilikuwa na vidonda vya kutu vilivyopitishiwa msasa. Koni moja, yaani pete ya ndani, ilikuwa na rangi ya bluu, na chuma cha beringi kikishageuka bluu kimepata moto mkali na ugumu wake umekwenda. Maandishi ya leza ndiyo yaliyonikasirisha zaidi: mikwaruzo ya msasa ilipita chini ya herufi, herufi zikiwa safi juu yake. Mtu amekaa, akasafisha chuma kibovu, kisha akakiandika jina upya.

Halafu nati. Kwenye Kombi hizi, stabu (ekseli fupi inayobeba gurudumu) ya kushoto ina uzi wa kinyume ili mzunguko wa gurudumu usiilegeze nati, na waya wa spidomita unapita katikati ya stabu hiyo hiyo. Fundi yeyote aliyewahi kushika Kombi anajua. Huyu "mtaalamu" alinitumia nati mbili za uzi wa kawaida.

Nilimpigia. Kwanza alisema ndivyo zinavyotoka Ujerumani. Nilipomtumia picha za alama za panchi akageuka, akadai fundi wangu amezibadilisha, wakati hakuna fundi aliyekuwa amezigusa. Kisha akanifungia namba.

Ningekuwa peke yangu ningeidai hela yangu kimyakimya. Lakini mwenzetu mmoja alifunga beringi za muuzaji huyo huyo na kutoka Dar na familia kuelekea Moshi. Kabla ya kufika Same akasikia mvumo upande wa kulia, kisha harufu ya moto. Aliposimama, habu haikushikika kwa mkono na grisi ilikuwa imetiririka hadi kwenye breki. Roli zilikuwa zimeanza kung'oa koni. Angeendelea, beringi ingekaba, stabu ingeungua, na gurudumu la mbele lingeweza kutoka likiwa kwenye mwendo. Gari lenyewe halina injini mbele. Kilichopo mbele ya miguu ya dereva ni bati tu. Ndiyo maana nasema hii si biashara mbovu ya kawaida.

Niliulizwa kama programu za simu zinasaidia kutambua beringi bandia. Zinasaidia, ila kwa mpaka. SKF wana programu iitwayo SKF Authenticate, unapiga picha za beringi na boksi, nao wanakujibu. Schaeffler, wenye jina la FAG, wana OriginCheck inayosoma msimbo ulio kwenye boksi. Lakini msimbo wa boksi unazungumzia boksi. Mtu aliyeokota boksi halali gereji na kulijaza mali nyingine anaweza kukupita hapo, kwa hiyo piga picha za chuma chenyewe baada ya kukiosha, na hakikisha koni na kikombe vimetoka kiwanda kimoja. Huyu jamaa alichanganya.

Na hata ukipata beringi halali, usimruhusu fundi akaze nati kwa nguvu zake zote. Hizi ni beringi za roli za mshazari, zinahitaji nafasi ndogo sana, kati ya milimita 0.03 na 0.12. Njia ya zamani bado ni nzuri: unakaza huku ukizungusha gurudumu ili kila kitu kikae, unalegeza, kisha unakaza taratibu hadi ile washa nene iliyo nyuma ya nati iweze kusukumwa kidogo kwa ncha ya bisibisi bila kutumia nguvu. Ikigoma kabisa, umekaza mno.

Malalamiko nimepeleka polisi na Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuwa bidhaa bandia ziko chini yao kwa Sheria ya Alama za Bidhaa. Kama nawe umeuziwa, usitupe boksi, usifute mazungumzo, tunza ujumbe wa malipo na stakabadhi ya basi, na usizirudishe beringi kwake hata akikuahidi kukubadilishia. Akishazipata mkononi, ushahidi umekwisha. Wasiliana na viongozi wa kundi lako ili tuambatanishe malalamiko pamoja. Anabadilisha namba, kwa hiyo mtambueni kwa mtindo wake.

Wale ambao tayari mmezifunga, msiliendeshe gari hata kwenda sokoni. Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini ulitikise, zungusha na usikilize. Lakini hata likiwa kimya, fungua habu, osha, tazama ukingo wa vikombe. Ukiona alama za panchi ambazo fundi wako hakuziweka yeye, zitoe zote, pande zote mbili.