Soko ya dimanshi ku gare du Midi, Bruxelles: naipatia 16 juu ya 20

Hii naandikia bale ba Lubumbashi benye bamepata bursa ao staji ya miezi kule Bruxelles. Mwenye anaenda wiki moja kupigwa foto ku Grand-Place haimuhusu sana, yeye akule tu frites yake arudi. Lakini kama unaenda kukaa, kupanga shambre, kupika, kufua, kungojea tramu asubui na giza, kitu itakusumbua mbele ya baridi ni tumbo. Bursa ku mwanzo inaonekana feza mingi juu unaigeuza mu franka yetu mu kichwa, kiisha unaingia supermarshe ya karibu na nyumba, nyanya ine mu plastiki, poivroni tatu za rangi tatu, kuku ya kukatwakatwa, unafika ku kesi unasoma bei unanyamaza. Batu mingi njo pale banaangukia mu mikate na sosi mpaka staji inaisha. Mi iliniokoa soko ya Midi.

Iko siku moja tu ku wiki, dimanshi, inaanza mapema sana na kufika saa 13 ao 14 bameshaanza kukunja. Bashuruzi banatandika kuzunguka gare, ingine mpaka chini ya madaraja ya treni, na kupotea haiwezekani juu Tour du Midi, ile jengo ya metre 148, unaiona toka mbali. Metro ni laini 2 na 6, unashuka Gare du Midi, unafwata batu benye banavuta vigari vya magurudumu. Ndani ya gare kuna benye banapanda Eurostar ya Paris na London na masanduku yao mazuri, inje mutu anapiga makelele un euro, un euro, allez allez. Ile makelele ilinifurahisha kabisa. Bruxelles siku zingine ni muji ya kunyamaza, mu tramu kila mutu na telefone yake, unaweza maliza wiki muzima hakuna mwenye anakuuliza umeamukaje, sasa pale gafula uko kama mu soko ya Kenya, ile ya kwetu Lubumbashi, mwisho wa mwezi, batu banasukumana, banacheka, muzee mumoja anakutilia kipande ya tikiti maji mu mukono uonje na huyamuomba kitu.

Bintu banauzisha mu sahani ao mu bakuli. Sahani ya nyanya, ya bilingani, ya ndimu, ya maembe, mara nyingi euro moja ao mbili, weye unaonyesha kidole tu, banamwaga mu sakoshi. Koriandre na menthe ni mafungu ya kushika na mikono mbili. Makemba (ndizi za kupika) iko, papai iko, tangawizi iko, pilipili kali ya kwetu unaitafuta kidogo lakini iko. Kuna ba zeituni na mabeseni yao, ya kijani, nyeusi, ya pilipili, ya ndimu, mi zeituni nilikuwa naona ni chakula ya batu ba mu filme, sasa naila na bukari (ugali), mukicheka mucheke. Pembeni kuna samaki, kuku inazunguka ku moto, masufuria, blanketi, maua, koti ya baridi ya bei ya chini (angalia zipu mbele ya kulipa). Bauzishaji mingi asili yao ni Maroko, na soko inaendeshwa mu Kifransa, kwa hiyo mutu wa kwetu hana shida, anakuita chef, unamuita chef, kazi inaendelea.

Kubishana bei ya sahani moja ni kupoteza muda, mbasela, ile ya kuongezewa bure, pale hakuna kama ya bamama ba kwetu, na bei yenyewe iko tayari chini. Chenye kinashusha bei ni saa. Ukifika mapema unachagua, nyanya ngumu, samaki ya sura nzuri, batu bado kidogo, unatembea vizuri. Ukifika karibu na mwisho haupewi nafasi ya kuchagua lakini hakuna mwenye anataka kurudisha nyanya mu kamio, sahani mbili zinakuwa bei ya moja, kiisha inakuwa kasha muzima, na unasikia mutu anakuambia beba yote, beba, nipe mbili. Kama muko banne mu nyumba moja, muende saa ya mwisho na mugawane kasha. Kama uko peke yako na frigo ya shambre ya mwanafunzi, ile ndogo yenye inajaa na jagi ya maji moja, enda mapema na uache tamaa, juu kasha ya maembe yenye imeiva haingojei mutu, nyuma ya siku mbili uko unakula maembe asubui, muchana na mangaribi.

Kitu moja usiruke ni msemen, mukate ya Kimaroko ya bapa yenye banakunja mara mingi na kuchoma ku sahani ya chuma. Pale sokoni banaikunja na fromage na zeituni, ao asali, ya moto inachoma vidole, pamoja na chai ya menthe yenye sukari ya kutosha. Mulolongo ni murefu, na mulolongo wenyewe ni muzuri, kama uko mugeni njo nafasi ya kusimama na batu dakika makumi mawili na kuongea, kila mutu anasikia arufu ile ile na njaa ile ile. Mi marafiki bangu ba kwanza ba mu ile muji, benye si ba darasa, nilibapata mu ile mulolongo.

Feza ya kulipa: beba sarafu na noti ndogo. Kweli sheria ya Ubelgiji toka Julai 2022 inaomba kila mufanya biashara awe na njia ya kulipa ya elektroniki, lakini kwa sahani ya euro moja na batu kumi nyuma yako, sarafu inaenda mbio.

Sasa vyenye haina. Usitafute pale sombe (majani ya muhogo), makayabu (samaki ya chumvi), ao bunga nyeupe ya mahindi. Hiyo ni Matonge, mutaa ya batu ba Afrika, ku Porte de Namur, na ni laini zile zile 2 na 6, stasio ine tu toka Midi. Matonge bei inapanda juu bintu mingi inakuja na ndege, meka (kipimo) ya bunga ya kwetu ukiipiga ku bei ya pale utalia, kwa hiyo mi Matonge nilikuwa naenda kwa vyenye Midi haina, basi, na kunyolewa, na kusikia Kiswahili na Lingala. Pale karibu kuna square ya Patrice Lumumba, bameifungua tarehe 30 Juni 2018. Mutu wa Lubumbashi mwenye anajua Shilatembo, pale balimuuwa Lumumba, iko wapi anaipitaka polepole kidogo. Nyama nayo ni soko ya Abattoirs (machinjio) ya Anderlecht, vendredi mpaka dimanshi, chini ya paa kubwa ya chuma ya mwaka 1890 na ng'ombe mbili za bronze ku mulango, matumbo, miguu, mbuzi, unashuka Clemenceau ao Delacroix, tena laini 2 na 6. Kwa hiyo kama bado unatafuta shambre na watu banakuambia kwanza angalia kama iko karibu na iniversite, angalia pia kama iko karibu na ile metro, kikoni yako yote iko juu yake. Tike moja inatumika saa moja muzima, ata ukibadilisha metro na tramu.

Nne nimekata ku 20 ni juu gani? Moja, kusongana, saa 11 hauendi tena, unabebwa, na baiba ba mufukoni banapenda hivyo, telefone na feza viwe mbele, begi usiweke mugongoni. Mbili, chini ya sahani, bale bauzishaji bamoja banapanga nyanya nzuri juu, angalia zikimwagwa. Tatu, hakuna paa mu sehemu kubwa, na mvua ya Bruxelles hainyeshi kwa nguvu kama yetu ya Januari, inanyesha kidogo kidogo siku muzima, na upepo. Nne, nimekata tu juu ya mukono wangu, kilo kumi na tano ku ngazi za metro si muchezo. Nunua kigari siku ya kwanza, banauzisha pale pale.

Kitu ingine haihusu soko lakini inafwata: maganda. Toka tarehe 15 Mei 2023 Bruxelles mabaki ya chakula inatengwa kwa lazima mu sakoshi ya orange, nyeupe ni ya takataka ingine, bulu ya machupa ya plastiki na makopo, njano ya karatasi, na kila rangi iko na siku yake ya kutoa inje. Ukileta mboga mingi ya Midi orange inajaa mbio. Muulize jirani siku ya mutaa wenu, njo njia nzuri ya kuanza kuongea naye pia. Na kama unakaa zaidi ya miezi tatu, unajiandikisha ku komini mu siku 8 za kazi, kiisha polisi wa mutaa anapita kuona kama kweli unalala pale, andika jina yako ku sonerie ya mulango, usingojee.

Saa nayo: dimanshi ya mwisho ya mwezi wa tatu banasogeza saa mbele, ukilala vibaya unafika sokoni saa moja nyuma ya batu. Toka pale mpaka dimanshi ya mwisho ya Oktoba saa ya Bruxelles na ya Lubumbashi ni moja, unaita nyumbani bila kuhesabu. Mu mwezi wa kumi na mbili jua inatoka karibu na 8h30, ile miezi usijitese kuamka mapema, soko iko na giza na vidole vinaganda.

Benye bananiuliza babebe nini toka nyumbani: nyama ya kukauka na maziwa usijaribu, duane ya Ulaya inakatala. Samaki ya kukauka banaruhusu kwa kipimo, kwa hiyo jaza kapenta, zile samaki ndogo. Nyanya, kitunguu na pilipili utakuta Midi.